Babu na Ng'ombe Wake

Mwanangu kaifukua pedi ya wino kwenye droo ya cherehani, kaujaza ukuta wa sebule madole ya bluu. "Mama, hii ya nini?" Nikamwambia ni ya wazee. Yeye akaridhika.

Ni ya enzi zile za utafiti, kabla ya duka. Nilikuwa napanda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutafuta wazee wenye ugonjwa wa kusahau, waingizwe kwenye mazoezi: kuketi na kusimama kitini, kutembea, kuzoeza mwili usiyumbe. Kura ndiyo ingeamua nani aanze na nani asubiri. Na msidhani wazee hao wako kila nyumba. Kule Hai, wilaya jirani, walipopimwa wenye miaka 70 na kuendelea, walikutwa 6 hivi katika kila 100. Kwa hiyo unapiga hodi kihamba hadi kihamba, yale mashamba ya migomba yenye nyumba ndani yake, mpaka mbwa wanakuzoea, halafu unaambiwa huo si ugonjwa, ni uzee.

Kwa Babu huyu, binti yake alikubali hata sijakaa. Mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anapanda kutoka bondeni, mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. We wa nani?"

Nikajieleza, nikamsomea fomu polepole, kila aya namuuliza kaelewaje. Sahihi ya ndugu peke yake haitoshi. Mzee akikataa, amekataa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nishuke mjini, nitembee ukumbini, niende nirudi?"

"Ndiyo, Babu."

"Sijabeba kitu?"

"Hujabeba kitu."

"Na huko ninakoenda kuna nini?"

Nilikuwa na jibu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, wazee nao wamo. Lakini ule mzigo wa majani ulikuwa umelala pale miguuni pangu, bado unachuruzika umande, na jibu likanikwama.

Binti akamshika mkono, akambonyeza dole gumba kwenye wino. "Baba, weka tu hapa." Dole likabaki hewani, juu ya karatasi. Babu akaligeuza, akalitazama, kisha akalifuta kwenye yale majani, taratibu, mpaka likatakata.

"Hapana, mjukuu wangu. Ng'ombe atakula nini?"

Nilirudi tena. Hakunikumbuka hata kidogo. Akaniuliza mimi wa nani, akasikiliza yote upya, akakataa upya. Safari hiyo sababu ilikuwa mvua.

Binti alinisindikiza hadi barabarani, amekasirika. "Hakumbuki kama amekula, halafu hapana yake ndiyo mnaiheshimu?" Nikamweleza habari za ridhaa. Akaniacha nimalize, ndipo akasema alichokuwa anataka: asubuhi mbili tatu kwa wiki, mtu mwingine amwangalie Baba, yeye alale. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

"Basi niandike mimi," akasema.

Umri wake haukufika.