Kitanda cha baharia

Jamani leo ndo nimetoka kuiona ile manowari USS North Carolina, imetia nanga ya kudumu hapa Wilmington, Marekani. Miguu inauma mpaka sasa, ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini.

Iliingia kazini Aprili 1941, ikawa kila siku inatoka inarudi New York kwa majaribio mpaka watu wakaibatiza Showboat. Mizinga mikubwa 9, kombora moja zaidi ya kilo 1,200, yaani kigari kizima kinarushwa hewani!

Septemba 15, 1942 nyambizi ya Wajapani ikaitandika torpido, lile bomu linalokimbia chini ya maji. Mabaharia 5 wakafa, meli ikatobolewa ubavuni ila ikaendelea kukimbia na msafara wake.

Sasa kilichonishika mimi sio mizinga, ni vitanda.

Vimening'inizwa kimoja juu ya kingine, nikaingiza mkono kupima nafasi toka godoro mpaka kitanda cha juu, hata kujigeuza vizuri huwezi. Watu zaidi ya 2,000 humo ndani, na joto lile la Pasifiki, na wengi wao vijana wadogo tu ndo kwanza wametoka kwa mama zao. Halafu hatua chache mbele kuna kaduka ka aiskrimu! Vita na aiskrimu, shemeji yenu akacheka, mimi nikashindwa, nikabaki nimeshika ule mnyororo wa kitanda.

Nani humu ashawahi kulala melini siku nyingi? Tupeni stori, ulipataje usingizi?