Alianza Kuhesabu Kabichi

Jumapili mpwa wangu wa Strasbourg, Ufaransa, alinitumia video. Hakuna salamu, hakuna "mjomba mmeamkaje", video tu: gurudumu la mbele la baiskeli, kijia chembamba cha udongo kati ya misonobari, na pumzi zake mwenyewe zikihema kwenye kamera aliyojifunga kifuani. Kumbe wamempeleka Lac Blanc, kwenye milima ya Vosges. Wakati wa baridi watu huteleza pale juu ya theluji. Kiangazi kikifika, mitambo ile ile ya kamba za chuma iliyokuwa ikipandisha watu inapandisha na baiskeli, na wewe kazi yako ni moja, kushuka. Njia zina rangi kama mikanda ya karate: kijani kwa wanaojifunza, kisha buluu, nyekundu, nyeusi. Yeye yuko buluu. Nyekundu mama yake amemkatalia mpaka atimize miaka 13, na ninamjua dada yangu, hata akitimiza atatafuta sababu nyingine.

Chini ya video aliandika: "Mjomba, kwenu kuna mlima wa kushuka na baiskeli?"

Kwenu! Mtoto wa dada yangu, aliyekulia Majengo, mtaa wa Goma, Kongo.

Nilitaka kumtania kidogo. Mlima mrefu kuliko yote huko Vosges, Grand Ballon, una mita 1,424. Maji ya ziwa Kivu yenyewe yako kwenye mita 1,460 hivi. Maana yake bibi yake akishuka ufukweni kufua, yuko juu kuliko kilele chao. Lakini kabla sijaandika, video ikafika kwenye kona, akafunga breki, udongo ukaruka, na mimi niliyekaa barazani na kikombe cha chai nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Naapa niliisikia.

Agosti 2004, likizo kubwa. Nilikuwa na miaka 16 na mdomo mrefu. Yaya (kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akiteremsha viazi na shu (nyinyi wengine mnaita kabichi, haya, kabichi) kutoka Kibumba kule juu kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo isiyo na pedali, na kila jioni nilimwambia kwamba kazi yake si kazi, ni kuketi tu mlima ukubebe. Siku moja alichoka kunisikia. Akaazima chukudu ya pili kwa jirani.

Kupanda sitawaeleza. Zaidi ya kilomita 20, tulitoka usiku, tulisukuma.

Kibumba walimfungia yeye magunia ya viazi mpaka chukudu ikalia. Mimi nilipewa kabichi 40, mzigo wa mtoto. Chukudu yangu ilikuwa ya mkaratusi, bado ina magome sehemu nyingine, magurudumu ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi, na breki yake ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari nyuma. Unakikanyaga kwa kisigino, kinabana gurudumu. Basi. Yaya alinipa mafundisho mawili. La kwanza: breki usiisimamie, igongegonge. La pili: ukishindwa, angukia upande wa mlima, usiangukie upande wa gari.

Mwanzo nilikuwa na adabu. Yeye mbele, mimi nyuma, nikigongagonga kama nilivyoagizwa. Kisha tukaingia pale hifadhi ya Virunga inapokuja mpaka ukingoni mwa barabara, miti huku na huku, ukungu bado haujanyanyuka, mlima Mikeno nyuma ya bega la kushoto, volkano ya Nyiragongo kulia ikitoa moshi wake wa kila siku. Hakukuwa na gari. Mbao za magurudumu zilikuwa zikipiga lami ngoma ya haraka, tukutuku, tukutuku, na mtetemo wake ulipanda mikononi ukaingia kwenye meno. Niliona mgongo wa yaya unapotea kwenye kona ya mbali. Nikanyanyua kisigino.

Tuelewane: sikuteleza, nilikinyanyua.

Ngoma ikaacha kuwa ngoma, ikawa mluzi mmoja. Macho yalinitoka machozi ya baridi, shati likajaa upepo mgongoni, na kabichi nyuma yangu zikaanza kusuguana ndani ya kamba, kwiikwii, kama zinacheka. Nadhani hata mimi nilicheka. Ilidumu sekunde nne, labda tano. Kisha nikaiona kona, nikashusha kisigino kwa nguvu zote, nikasimama juu ya breki kama nilivyokatazwa. Harufu ikaja kwanza. Halafu moshi, mweusi, mfupi, ukinipanda kwenye suruali. Halafu joto kupitia kandambili. Halafu misumari ikang'oka, mguu wangu ukawa unakanyaga hewa.

Nikakumbuka fundisho la pili. Nikaangukia upande wa mlima.

Nikiwa kifudifudi juu ya mawe ya volkano niliziona kabichi zikinipita moja moja bila haraka. Moja ilishika katikati ya barabara na kuendelea kama ina miadi mjini.

Yaya alirudi akikimbia. Alinitazama, ndiyo, lakini jicho halikutua. Lilipita kwangu likaenda barabarani, na kidole chake kikaanza kunyooka huku na kule. Alizunguka mtaro wote, akaokota, akapanga, akahesabu tena. Wamama waliokuwa wakipita na kuni wakamletea mbili. Moja ilikuwa imeingia porini; alisimama ukingoni akaiangalia, akasema, "Hiyo imeshakuwa ya sokwe." Thelathini na saba. Ndipo akaja akanichuchumalia.

"Simama tuone."

Kidevu kilikuwa kinavuja damu na kipande cha jino la mbele hakikuwepo. Hakikuonekana mpaka leo, wanaonijua wanajua. Yaya alikagua chukudu, akaona mahali breki ilipong'oka, akalaani mwenye kuipigilia. Mimi kimya. Akavua kandambili yake ya kulia, akaikata kwa kisu, akaikunja mara mbili, akaipigilia kwa jiwe mahali pa breki. Tukashuka mpaka Goma yeye akiwa na mguu mmoja peku. Sokoni mama mnunuzi alikata bei ya kabichi zilizopondeka. Bibi akaambiwa niliteleza kwenye unyevu.

Kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia ili watu wamcheke yeye. Ndugu yako yuko mtaroni anavuja damu, wewe unahesabu mboga! Watu walicheka kweli. Mwaka 2009 iliposimamishwa ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu pale rond-point, kwenye mzunguko wa magari mjini, niliisimulia hata chini ya sanamu. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba kabichi zile hazikuwa zake, alizichukua kwa deni. Sijui kama hilo linabadilisha kitu. Siku nyingine naona linabadilisha, siku nyingine nagusa jino kwa ulimi naona hapana. Na habari ya kisigino sijamwambia.

Usiku ule wa video nilikaa na simu nikisoma habari za mchezo huu wa mpwa wangu. Inaonekana mizizi yake iko California, mlima Pine karibu na Fairfax. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana walianza kushindana kushuka barabara moja ya udongo wakiwa na baiskeli kuukuu nzito, zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali mpaka grisi ya ndani ya gurudumu la nyuma inaungua na kutoka moshi, na wakifika chini lazima wafungue wapake nyingine. Barabara ikabatizwa Repack, yaani kupaka upya. Nilicheka peke yangu gizani. Moshi kwenye kisigino, kumbe kuna watu huo ndio waliouandikia historia.

Mpwa wangu nilimjibu: "Kuna. Haina rangi, ni ya lava." Akarudisha vidole gumba vitatu.

Halafu, sijui kwa nini, video yake nikamtumia yaya. Siku hizi chukudu anaikodisha kwa vijana, magoti yamekataa. Sauti ilirudi baada ya dakika kumi, nyuma yake makelele ya soko. Aliitazama mara mbili, alisema. Kijana anajua kukata kona, ni damu yetu. Lakini kamba inakupandisha bure mpaka juu, na unashuka mikono mitupu?

"Sasa mzigo," akauliza, "wanaufungia wapi?"

Nimebonyeza kitufe cha kurekodi mara tatu, na mara zote tatu nimefuta.