Siku moja maishani mwangu: kabla sijasaini uwakala wa bima, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri

Chai iko jikoni, mume wangu anapiga pasi shati la kwendea shuleni Chamwino, nami nasoma tena ukurasa wa nne wa mkataba. Nje unavuma ule upepo wa Juni unaokausha midomo kabla hujafika getini.

Kampuni moja ya bima imeniomba niwe wakala wake. Wake peke yake: nikisaini, siruhusiwi kuuza bima ya kampuni nyingine yoyote. Wao watanilipia mafunzo, watanipa kibao cha dukani, wataniunganisha na mfumo wao, na jina lao litakaa juu ya mlango wangu. Mimi nitawaletea watu wanaoniamini. Leo ni Jumatano, jibu wanalitaka Ijumaa.

Naandika siku hii saa kwa saa kwa sababu kina dada na kina kaka wengi wenye vibanda vya pesa na steshenari hapa mjini wamefuatwa kama mimi. Maofisa mauzo wakija huongelea kamisheni. Yapo mengine ya kuongelea.

Saa 1:20 asubuhi

Daladala kutoka Nkuhungu, nimesimama. Mbele yetu trafiki amesimamisha Noah. Siku hizi hahitaji kukodolea macho kioo cha mbele. Anaingiza namba ya gari kwenye simu na mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, unamwambia kama bima iko hai au imekwisha. Magari yote haya lazima yawe na bima, angalau ile ndogo. Soko lipo, hilo silitilii shaka.

Saa 2:00

Nafungua duka, si mbali na Soko la Sabasaba. Asubuhi ni ya kutoa na kuweka pesa, kutoa kopi, na wanafunzi wa chuo wanaotaka kazi zao zichapwe haraka. Wakati huu wa Bunge la bajeti mji unajaa wageni, na mzunguko wa pesa unaonekana hata kwenye kibanda kama changu. Kampuni imenifuata kwa sababu ya huu mlango. Watu wanaingia bila kuitwa. Wakala anayeanzia nyumbani kwake, na begi na simu tu, atatembea miezi mingi kabla hajapata nilichonacho tayari.

Saa 4:10

Kijana mmoja dereva wa bajaji ameingia kuweka pesa ya hesabu ya tajiri wake. Ameona karatasi za bima mezani.

"Dada, na wewe umeingia kwenye bima?"

"Bado nafikiria, mdogo wangu."

"Mimi bima siitaki hata kuisikia. Nakata kwa sababu ya trafiki tu."

Nimempa kiti. Mwaka jana aligongana na pikapu maeneo ya Kizota na kosa likawa lake. Bajaji iliharibika mbele, tairi likaingia ndani. Alikwenda kwa aliyemkatia bima akitegemea chombo kitatengenezwa. Kumbe alikuwa na bima ndogo, na bima ndogo humlipa yule wa upande wa pili: aliyeumia, aliyefariki, au mwenye mali iliyoharibiwa na wewe. Chombo chako mwenyewe hakimo. Hicho kinataka bima kubwa. Siku ya kukata hakuna aliyemweleza. Alilipa, akapokea ujumbe kwenye simu, akaondoka.

Hata huyo mwenye pikapu, ambaye alistahili kulipwa, alisumbuka. Fomu za polisi, makadirio ya gereji, picha, "njoo wiki ijayo". Wakala mwishowe akawa hapokei simu.

Nilimuuliza ilikuwa kampuni gani. Hakumbuki. Anachokumbuka ni sura ya yule kaka, duka lake na rangi ya mlango wake. "Yule alinila hela," ndivyo anavyosema hadi leo, na ndivyo anavyowaambia wenzake kijiweni.

Hili limenikaa kifuani asubuhi nzima. Kisheria wakala wa bima anaisimamia kampuni iliyomteua. Dalali ndiye anayemsimamia mteja na kumtafutia kampuni inayomfaa. Mtaani hakuna anayetofautisha hayo. Mtaani aliyepokea pesa yako ndiye bima. Kampuni ikichelewesha fidia, lawama haziendi Dar es Salaam kwenye makao makuu yake, zinakuja Sabasaba. Na mimi wakala wa kampuni moja sitakuwa na pa kumhamishia mteja huyo mwaka unaofuata. Nitakuwa nimefungwa na tabia ya kampuni hiyo, iwe njema au mbaya.

Kwa hiyo swali langu la kwanza limebadilika. Jana nilikuwa nauliza nitapata shilingi ngapi. Leo nauliza: hawa watu wanalipaje madai?

Saa 6:00 mchana

Hata hivyo shilingi lazima zihesabiwe, nina watoto shuleni.

Bima ndogo ya gari dogo binafsi ni shilingi 118,000: ada 100,000 na VAT ya asilimia 18. Kamisheni niliyoandikiwa kwenye mkataba ni asilimia 12.5 ya ada kabla ya VAT. Hiyo ni 12,500 kwa gari, kabla ya kodi ya zuio. Nikitaka laki tano kwa mwezi kutokana na bima ndogo peke yake, nahitaji magari 40 kila mwezi. Ni mengi kwa mtu anayeanza.

Bima kubwa inabadilisha hesabu. Gari la milioni 20, kwa asilimia 3.5 ya thamani, ada yake ni 700,000 na mimi napata 87,500. Ila mwenye gari la namna hiyo, mtumishi wa serikali kule Mtumba tuseme, mara nyingi amelinunua kwa mkopo, na benki iliyomkopesha inamkatia bima hapohapo kaunta. Tangu mwaka 2019 mabenki yameruhusiwa kuwa mawakala wa bima. Ofisa mauzo hakuligusa hilo hata kidogo, nami naliona ni kubwa kuliko ushindani wa wakala mwenzangu wa mtaa wa pili.

Faida ya kweli iko kwenye kuhuisha. Bima ya gari inaisha kila mwaka, na mteja akirudi sihitaji kumtafuta upya. Anayevumilia miaka mitatu minne anakuwa na kundi la watu wanaorudi. Ndiyo maana ukurasa wa nne unanikosesha raha: umeandikwa kwamba wateja wote ni mali ya kampuni, na mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, kamisheni za kuhuisha zinakoma siku hiyohiyo. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikiondoka kabla ya miaka miwili narudisha gharama za mafunzo.

Saa 7:15 mchana

Nimemwachia duka binti anayenisaidia, nikapanda boda hadi Area C kwa mama mmoja ambaye amekuwa wakala wa kampuni moja kwa miaka mingi. Si kampuni iliyonifuata mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, tule kwanza."

Ugali wa uwele na mlenda. Hapa kwetu huongelei pesa na mtu ambaye hujala kwake.

Nilidhani atanikatisha tamaa au atanisifia kazi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kwanza aliniambia kizuri: mtu asiyeijua bima anafundishwa vizuri zaidi akiwa na kampuni moja. Unazijua bidhaa zao zote, unawajua watu wa ofisi ya madai kwa majina, na mteja wako akipata ajali usiku unajua nani wa kumpigia. "Wenye kampuni nyingi nyingi, mwanangu, hawajulikani kokote. Mimi nikipiga simu pale wananijua."

Kisha akanipa magumu. La kwanza, malengo. Kila robo mwaka unapangiwa kiasi, na ukikosa mara mbili mfululizo unaanza kuitwa. La pili, mkopo. Mteja atakuomba umkatie bima leo akulipe mwisho wa mwezi, na sheria ya bima yetu haina hiyo: bila ada kulipwa hakuna bima. Wapo wanaolipa kwa fedha zao ili wasimpoteze mteja, halafu mteja anahama. Yeye haikubali hata kwa ndugu. Anampa mteja namba ya malipo, pesa inakwenda moja kwa moja kampuni, mkononi mwake haipiti. "Pesa ya mtu ikilala kwako siku moja tu," aliniambia, "ukipata dharura ya hospitali utaigusa. Usijiweke kwenye jaribu hilo."

Nikamuuliza kuhusu kuhuisha. Aliweka kijiko chini. Kwenye mkataba wake wa sasa yapo maneno kwamba akiacha kwa uzee au ugonjwa, analipwa sehemu ya kamisheni za kuhuisha kwa muda fulani. Hayakuwapo mwanzo. Aliyaomba wakati mkataba unahuishwa, na kampuni, kwa kuwa ilikuwa inamhitaji, ikaandika.

Hilo peke yake limelipa nauli ya boda.

Saa 9:00 alasiri

Kuishi Dodoma kuna faida yake: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, makao makuu yake yako hapahapa. Nimepita kuulizia utaratibu badala ya kutegemea aliyoniambia muuzaji. Bila cheti cha umahiri wa bima, COP, na bila kampuni iliyokuteua, leseni hupati. Na kuuza bima bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Yule ofisa mauzo alikuwa ameniambia nianze kuandikisha watu "wakati taratibu zinaendelea". Hapana. Jina langu halitaanza kwa njia hiyo.

Saa 10:20 jioni

Jirani yangu wa sokoni, muuza vitenge, amesikia habari zangu. Tangu Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 hajawahi kulala kwa amani; ana ndugu waliokuwa na mali pale. Anataka bima ya moto kwa mzigo wake wote. Hajauliza bei kwanza, ameuliza, "Wewe utanisimamia?"

Nimefurahi mno. Huyu ndiye mteja ambaye ningependa kumfanyia kazi hii, mama aliyejenga mtaji wake kitenge kwa kitenge, ambaye moto wa saa moja unaweza kumrudisha mwanzo kabisa. Nikampigia meneja wa ile kampuni papo hapo.

Hawachukui vibanda vya mbao. Jengo la matofali na bati, sawa. Kibanda cha mbao kilichobanana na vingine, hapana, hata kwa ada ya juu.

Sikumlaumu, kampuni ina haki ya kuchagua inachobeba, na moto kwenye mbao husambaa bila kuuliza huyu ana bima au hana. Lakini hapo ndipo nilipouona ufungwa wenyewe. Dalali angezunguka kampuni nyingine hadi apate inayokubali. Mimi, nikishasaini, nitamwangalia mama huyu usoni nimwambie haiwezekani, wakati huenda kwa kampuni nyingine inawezekana. Nimemwambia ukweli wote, na kwamba kesho nitamtafutia dalali mwenye leseni azungumze naye. Kesho bado niko huru kufanya hivyo.

Saa 12:45 jioni

Nimefunga. Vumbi, foleni, nyumbani.

Saa 2:00 usiku

Baba amepiga simu kutoka Kondoa. Yeye ni wa enzi za bima kuwa jina moja, Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963. Kampuni binafsi ziliruhusiwa tena kwa sheria ya 1996. Aliwahi kuwa na bima ya maisha iliyokatwa kwenye mshahara. Ananiambia hakuwahi kumjua wakala wake, karatasi zilipita ofisini. "Afadhali watu wangekuwa na mtu wa kumuuliza," amesema. Tukahamia kwenye habari za alizeti.

Saa 3:15 usiku

Watoto wamelala. Nimekaa mezani na mume wangu, tumeusoma mkataba kwa sauti tangu mwanzo. Yeye anaona nikatae, nibaki na duka, kwa sababu mwaka wa kwanza kamisheni itakuwa ndogo na jina langu ndilo litakalowekwa rehani. Mimi naona kazi hii inanifaa na mtaa unaihitaji. Yule kijana wa bajaji alihitaji maelezo ya dakika tano tu siku ile anakata bima. Hakuyapata.

Nimemwandikia meneja ujumbe. Nimemwomba mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, kifungu cha kamisheni za kuhuisha endapo tutaachana bila kosa langu. Pili, ruhusa ya kumwelekeza kwa dalali mteja ambaye kampuni imemkataa, bila kuhesabiwa nimevunja mkataba. Tatu, nikutane na mtu wa madai, anionyeshe faili la ajali moja ya hapa Dodoma tangu siku ilipotolewa taarifa hadi siku mteja alipolipwa. Majina wayafunike kama wanataka.

Amejibu baada ya nusu saa. La tatu amekubali, niende kesho saa nne. La pili anadhani litawezekana. La kwanza lazima liende makao makuu, na halitarudi kabla ya Ijumaa.

Nimemjibu kwamba Ijumaa basi sitasaini, nitasubiri karatasi irudi. Na mafunzo ya COP nitajilipia mwenyewe kutoka kwenye akiba ya duka, ili kile kifungu cha kurudisha gharama kisinihusu, na cheti kikitoka kiwe changu kwa kampuni yoyote nitakayokwenda nayo. Mume wangu amechukua kalamu, tunapiga hesabu ya ada ya masomo.