Sekunde Moja Kabla ya Kurusha

Swali lenyewe nalikumbuka mpaka leo. Mtu yuko juu ya mnara wa mita 25. Anarusha mpira wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mpira unapanda, unarudi, unapita pembeni mwa mnara na kuanguka chini. Utatumia sekunde ngapi tangu urushwe hadi uguse ardhi? Mchapuko wa mvutano (g), yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde kwa kuvutwa na dunia, tulipewa uwe 10.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wenzangu walishaondoka, nami nimebaki darasani na daftari, kwa sababu swali hilo lilikuwa limenikatalia tangu mchana. Kanuni niliijua vizuri: s = ut + ½at², ambapo s ni umbali kutoka pa kuanzia, u kasi ya mwanzo, a mchapuko, na t muda. Nikaweka s kuwa 25, u kuwa 20, a kuwa −10, maana mpira unapanda na mvutano unaurudisha. Nikapata 25 = 20t − 5t². Nikagawanya kwa 5 na kupanga upya: t² − 4t + 5 = 0. Nilipotafuta t kwa kanuni yake, ndani ya kipeuo cha pili nikakuta 16 − 20, yaani hasi 4, na tulivyofundishwa, hasi haina kipeuo.

Nikafuta, nikarudia. Hasi 4. Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka pale penye alama ya kipeuo.

Hapo nikakumbuka maneno tuliyokuwa tukiambizana: kitu kikipanda g ni hasi, kikishuka g ni chanya. Mpira si unaishia kwa kushuka? Nikabadili alama. Safari hii mambo yakanyooka: t² + 4t − 5 = 0, majibu 1 na −5. Hasi nikaitupa, nikaandika sekunde 1. Niliridhika kabisa, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa anapita kufunga madirisha. Akainama juu ya daftari langu, akakaa kimya kidogo.

"Mpira umerushwa kwenda wapi?"

"Juu, Mwalimu."

"Kwa kasi ya 20, na kila sekunde inapungua kwa 10. Unapanda kwa muda gani?"

"Sekunde mbili."

"Sasa umefikaje chini kwa sekunde moja, mwanangu, na huko juu kwenyewe haujafika?"

Sikuwa na la kusema. Akavuta kiti, akachukua kalamu yangu na kuchora mnara, na pembeni yake mshale mmoja tu unaoelekea juu. "Huu ndio chanya. Umeshauchagua, hauguswi tena mpaka swali liishe." Mvutano unaelekea chini, basi ni −10, mpira uwe unapanda au unashuka. Na ile s, akasema, si urefu wa njia ambayo mpira umezunguka. Ni pale ulipoishia ukipima kutoka ulipoanzia. Umeishia mita 25 chini ya mkono wa mrushaji, kwa hiyo s ni −25.

Kile kikanuni cha "ukipanda hasi, ukishuka chanya" nimekichukia tangu siku ile, na bado nawasikia wanafunzi wakikiimba. Alama haifuati mwendo wa mpira. Inafuata mshale uliouchora mwenyewe. Ndiyo maana hata pale juu kabisa, kasi ikiwa sifuri, mchapuko unabaki −10. Mwalimu alirusha kipande cha chaki kunionyesha: kama mchapuko nao ungekuwa sifuri pale juu, chaki ingebaki inaning'inia hewani.

Nikaandika upya: −25 = 20t − 5t². Ikawa t² − 4t − 5 = 0, nayo ikagawanyika bila taabu: (t − 5)(t + 1) = 0. Sekunde 5, au −1. Nikainua kalamu niikate −1.

"Ngoja. Usiikate kabla hujaiuliza inasema nini."

Nilidhani ananitania. Sekunde moja kabla ya kurusha, mpira si bado uko mkononi? Akanieleza kwamba mlinganyo haujui habari ya mkono. Unachojua ni kwamba mpira uko juu ya mnara na una kasi ya 20 kwenda juu. Ukiurudisha nyuma sekunde moja, unaukuta uko ardhini, ukipanda kwa kasi ya 30. Laiti mtu mwingine angeurusha kutoka chini kwa kasi hiyo, ungepita mbele ya mrushaji wetu sekunde moja baadaye ukiwa na 20 ileile, na kuanzia hapo hakuna ambaye angeweza kuitofautisha mipira hiyo miwili. Kisha nikapiga hesabu ya kasi ya kufikia chini: 20 − 50, yaani −30. Unaondoka ardhini na 30, unarudi na 30. Sekunde 3 za kupanda, 3 za kushuka, na kilele kiko katikati, mita 45 kutoka chini.

Akaniambia nigawe ule mshuko kwa sekunde. Ya kwanza mita 5, ya pili 15, ya tatu 25. Moja, tatu, tano. Galileo aliupata mpangilio huo kwa kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa, muda akiupima kwa maji yanayotiririka, na akauchapisha mwaka 1638. Ile 25 ya mwisho ni mnara wetu mzima: mpira unaushuka wote ndani ya sekunde moja.

Hapo ndipo nilipolitazama tena jibu langu la kwanza, lile la hasi 4. Nilikuwa nimeweka s kuwa +25, kumbe nimeuuliza mpira utafika lini mita 25 juu ya mkono, na mwisho wake ni mita 20. Kipeuo kilikataa kwa sababu mpira haufiki huko. Na ile sekunde 1? Kwa kubadili alama ya g peke yake, nilikuwa nimegeuza chini kuwa chanya, na kwa hiyo ile 20 nayo ikawa ya kwenda chini. Ni muda wa mpira uliorushwa kuelekea ardhini kwa kasi hiyo. Nikamwambia Mwalimu, naye akatikisa kichwa kukubali, akaenda kumalizia madirisha.

Nikaandika sekunde 5 na kuipigia mistari miwili. Chini ya −1 nikachora mpira mdogo ardhini, na mshale juu yake: 30.