Siku yangu moja na ndege, wala sifanyi kazi uwanja wa ndege wa KIA

Ukisema pale Moshi mjini kwamba unafanya kazi ya ndege, mtu anakuuliza nauli ya Dar siku hizi ni shilingi ngapi. Juzi benki, dada wa dirishani alinijazia kwenye fomu "mfanyakazi, uwanja wa ndege". Foleni ilikuwa ndefu, nikamwacha. Mimi naongoza watalii wanaotaka kuona ndege mlimani Kilimanjaro. Ndege hawa, si ndege hizi. Kileleni sipandishi mtu. Kutwa nzima nawatembeza kutoka geti la Marangu, katikati ya msitu, mpaka kreta ya Maundi ambako miti inakwisha na morlandi, yale majani na vichaka vifupi vya juu mlimani, inaanza, kisha tunageuza. Hii ilikuwa Jumanne.

Saa kumi na nusu alfajiri nimeamka. Chai ya rangi, kiporo cha ndizi, buti bado mbichi tangu jana. Mama naye yuko macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaenda tena kuwaangalia ndege?"

"Ndiyo mama."

"Kwani hao wazungu kwao hawana ndege?"

Swali hili naulizwa kila wiki na jibu sijapata.

Saa kumi na mbili nipo hotelini. Wageni wawili, mzee na mkewe, wastaafu wote. Mzee ana darubini ya bei ya pikipiki, orodha ya ndege iliyochapwa vizuri, na kiunoni kitu cheusi nilichodhani ni chupa ya maji. Ningejua.

Saa moja na nusu, vibali tayari, tunaingia. Hapo getini ni kama mita 1,870, na saa ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote. Hondohondo wawili walipita juu ya miti ya mikulo, mabawa yakivuma kama feni mbovu. Mbega walikaa wakitutazama, mikia imening'inia. Halafu ndege shorobo akakohoa mle ndani, kwa sababu yule haimbi, anakohoa, na akakatiza njia. Akitulia ni wa kijani tu, huwezi kumtofautisha na majani. Akifungua mabawa unaona wekundu kama kitambaa kimepeperushwa. Nikamwambia yule mama kwamba ule wekundu una madini ya shaba ndani yake, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Akaandika kwenye daftari lake. Mzee akaweka tiki, akauliza anayefuata ni nani.

Saa tatu na dakika kumi, karibu na kijito, nikamsikia trogoni.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wasipopaona. Trogoni ana tumbo jekundu na mgongo wa kijani, mzuri kupita kiasi, lakini anaweza kukaa tawini nusu saa bila kugeuza shingo, mgongo umekuelekea. Kwa macho humpati. Unampata kwa sikio: anatoa sauti ya chini, fupi fupi, kama mtu anayeita mbwa wake bila kutaka majirani wasikie. Nikainua mkono, tukasimama. Nilishaanza kupima upande gani, umbali gani. Dakika kumi za kimya zingetosha, labda kumi na tano.

Mzee akachomoa kile kitu kiunoni. Spika, ya kupigia sauti ya trogoni iliyorekodiwa.

Nikamweleza kwa upole. Kwamba ndege akisikia sauti ile anadhani dume mwingine ameingia kwake, anaacha kula, anaacha hata kiota, anakwenda kupigana na mtu ambaye hayupo. Kwamba njia hii inapita wageni mwaka mzima, na kila mmoja akipiga mara moja, ndege huyu atagombana na hewa mpaka lini. Akasema mara moja tu. Akapiga. Yule wa kweli akanyamaza palepale.

Akapiga tena. Kimya. Akasogeza spika kwenye jiwe, akaongeza sauti. Mimi nimesimama na tabasamu la kazini, na siafu wamenipanda kwenye gaita, vile vikinga matope vya miguuni. Mara ya nne, simu ya mkewe, ile yenye programu ya kutambua sauti za ndege, ikaandika: trogoni. Mzee karibu aruke! Yuko wapi, yuko wapi? Ikabidi nimwambie kwamba simu imeisikia spika yake. Mkewe aligeuka upande wa kijito, mabega yakamtikisika kwa muda.

Tulipoteza dakika hamsini pale. Mteja ni mteja, siwezi kumnyang'anya mtu mzima kitu chake, ila niliondoka nimechoka kuliko nilivyochoka kilomita zote zilizofuata.

Kambi ya Mandara, mita 2,720, tulifika saa saba badala ya saa sita. Kunguru mmoja, wale wakubwa wenye alama nyeupe shingoni, alichukua yai la mzee toka kwenye boksi la chakula huku mzee akisoma orodha. Nakiri sikuharakisha kumfukuza.

Maundi ni mwendo mfupi kutoka hapo. Siku safi unaliona Ziwa Chala mpakani mwa Kenya, na kilele cha Mawenzi juu yako. Jumanne tuliona ukungu. Lakini kwenye vichaka vya erika kulikuwa na chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, na yule mama hakuwa na haraka, kwa hiyo nikakata kipande cha ndevu za mzee, ile kuvu-mwani inayoning'inia kwenye matawi, nikakikamua kiganjani pake. Maji yakachuruzika mpaka kwenye saa yake. Ukungu unanaswa hivi, unadondoka, unaingia ardhini, na sehemu yake inakuja kutokea kwenye mfongo, mfereji wetu wa Kichaga, unaomwagilia migomba ya mama yangu. Moto wa Oktoba 2020 ulikula vichaka vingi huku juu. Watu walisikitikia mandhari. Mimi nilifikiria mfongo.

Kushuka ni magoti tu. Sikumbuki saa. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mzee alitaka tuhesabu: yeye ana 27, mimi nina 36. Tisa niliwasikia, yeye hakuwaona, basi hawahesabu. Nikamwambia ndege aliyeimba yupo. Akasema kwenye orodha yake hayupo. Tulibishana hivyo mpaka tukaona bati za getini, bila ugomvi, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitembea kwa kuchechemea.

Tipu aliitoa mke, kwa siri kidogo. Ilikuwa nzuri.

Nyumbani niliandika daftari langu kabla ya kuoga, nikiacha nitasahau. Trogoni, mmoja, kijitoni, kasikika. Buti nikaziegemeza karibu na jiko. Ujumbe wa bosi ukaingia: kesho wageni wanne, saa kumi na mbili kamili, wanataka kuona chui.

Nikamjibu sawa bosi.