Barua nzuri kutoka kwa bosi

Mwaka wangu wa nne hapa Birmingham niliomba kazi ya kusimamia zamu katika nyumba moja ya kulelea wazee. Mshahara ulizidi kidogo ule niliokuwa nao, na kubwa zaidi, ningeachana na kukesha. Wakataka barua kutoka kwa bosi wangu, iwaeleze mimi ni mtu wa namna gani. Bosi akaiandika siku ileile na nakala akanipa mwenyewe huku akitabasamu. Ilikuwa mistari miwili tu: kwamba nafika kazini kwa wakati, na kwamba sare yangu huwa safi siku zote.

Wallahi nilifurahi. Nikaipiga picha nikamtumia mama Tanga. Mama akamwita kijana wa jirani amsomee kwa Kiswahili, halafu akaniombea dua ndefu kwenye simu mpaka salio likamwishia. Kazi sikuipata.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja mzaliwa wa Mombasa, mtu aliyekaa Uingereza miaka ishirini na ushei. Aliisoma jikoni kwake, akailaza mezani kifudifudi, akasema, "Kaka, hapa umeshazikwa, tena kwa sanda safi." Nikamuuliza mbona sioni baya lililoandikwa. "Ndilo hilo. Anaulizwa kama unaweza kuongoza watu, yeye anasifia shati. Sasa mwenye kusoma aelewe nini?"

Nililimeza, maisha yakaendelea. Mpaka juzijuzi, binti yangu, anayesoma isimu chuo kikuu, alikuwa mezani akijiandaa kwa mtihani, akisoma kwa sauti kama alivyozoea tangu utoto. Akafika kwenye mfano wa mwalimu anayeulizwa kuhusu mwanafunzi wake anayeomba kazi ya falsafa. Mwalimu anajibu kwamba Kiingereza cha kijana huyo ni kizuri sana na mahudhurio yake darasani hayana dosari. Akishasema hayo anatia sahihi. Nikaacha kumenya viazi.

"Nani kaandika hiyo?"

"Grice, baba. Mtu wa hapahapa Birmingham."

Binti hakujua habari ya barua yangu, na sikumwambia usiku ule. Nilisubiri alale, nikachukua kitabu chake.

Herbert Paul Grice alizaliwa mwaka 1913 Harborne, kitongoji ninachokipita na basi namba 11 nikienda kazini. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakijua kwa duka moja la samaki tu. Alisoma Oxford, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 akafundisha falsafa huko katika chuo cha St John's, ukiondoa miaka ya vita alipolitumikia jeshi la majini. Alikuwa mpenzi mkubwa wa kriketi. Na alikuwa mzito wa kuchapisha kupita kiasi. Makala yake maarufu kuhusu maana aliiandika mwaka 1948 akaifungia. Inasimuliwa kwamba P. F. Strawson, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyeitoa kabatini na kuipeleka kwenye jarida. Ikatoka 1957. Kurasa zake hazifiki hata kumi na tano, na wanafalsafa hawajamaliza kuzigombania mpaka leo.

Makala hiyo inaanza na jambo ambalo mtoto yeyote wa Kiswahili angelipita bila kusimama. Kwa Kiingereza, kitenzi kimoja kinabeba kazi mbili. Madoa mwilini "yanamaanisha" surua, na kengele tatu za basi "zinamaanisha" limejaa. Grice akahangaika kuzitenganisha. La kwanza ni la maumbile, halina mtu nyuma yake, nawe huwezi kusema madoa yale yalimaanisha surua ilhali mgonjwa hana surua. La pili lina mtu: kondakta alipiga kengele akitaka dereva aelewe, na kondakta anaweza kukosea, basi likawa halijajaa.

Mimi nilicheka peke yangu saa saba ya usiku. Sisi mbona tulishazitenganisha zamani? Mawingu ni dalili ya mvua, hatusemi mawingu yana maana ya mvua. Madoa ni dalili. Maana ni ya mwenye kusema. Ningekuwa na namba yake ningempigia.

Na ule mfano wa kengele! Mabasi ya hapa siku hizi hayana kondakta, abiria mwenyewe anabonyeza kitufe, kwa hiyo binti yangu na wanafunzi wenzake wanausoma kama hadithi ya kale. Mimi nimewahi kuwa konda, njia ya Mbagala na Kariakoo, miezi minane. Ukigonga bodi ya daladala dereva anaondoka bila kugeuka. Hakuondolewa na mlio wenyewe, maana jiwe likiruka likagonga bodi vilevile, anasimama na kutukana. Anaondoka kwa sababu anajua wewe umegonga ukitaka ajue kwamba unataka aondoke. Hapo ndipo Grice alipokuwa anapiga nyundo: nimemaanisha kitu pale ninapokusudia wewe uamini jambo fulani, na ninakusudia uliamini kwa kulitambua kusudio langu hilohilo. Sentensi hiyo irudie mara tatu, inakaa. Leso ya mtu ukiidondosha kwa siri mahali palipouawa mtu ili askari wamshuku mwenye leso, umedanganya, lakini hujamaanisha kitu kwa leso ile, kwa kuwa kusudio lako umelificha.

Oxford ya wakati huo ilikuwa na mkutano wa wanafalsafa Jumamosi asubuhi chini ya mwenzao J. L. Austin, wakilipekua neno moja moja kama mama anayechambua mchele. Austin alipofariki 1960, Grice akaushika. Lakini hakuwa akikubaliana na wenzake kwa yote. Baadhi yao waliona kwamba ukisema kitu "kinaonekana chekundu" basi shaka imo ndani ya neno lenyewe. Grice akasema hapana, neno halina shaka. Shaka inaletwa na wewe uliyechagua kusema "kinaonekana" wakati ungeweza kusema "ni". Tofautisha kilichosemwa na kilichofikishwa. Katika makala yake ya 1961 tayari ile barua imo, ikiwa bado changa: kijana anasifiwa kwa mwandiko mzuri na kwa kufuata sarufi.

Mwaka 1967 akaenda Harvard kutoa mihadhara, na humo akaweka wazi mashine yote. Watu wakizungumza, alisema, wanashirikiana, hata wakiwa wanagombana. Kila mmoja anamtarajia mwenzake aseme ya kutosha bila kupitiliza, asiseme anachojua ni uongo wala asichokuwa na ushahidi nacho, asitoke nje ya jambo, na aseme kwa namna inayoeleweka. Mafungu yenyewe manne aliyapa majina aliyoyachukua kwa Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, kwa utani kidogo nadhani. Wengi hulisoma hili kama somo la adabu, wakamcheka: nani anazungumza hivyo? Utamu uko kwenye kuvunja. Mtu akivunja sharti mbele ya macho yako, na wewe bado unaamini hajaacha kushirikiana, akili yako inakimbia kutafuta anachokusudia. Bosi wangu alijua kilichoulizwa. Alikuwa na la kusema, akasema pungufu. Kwa nini? Kwa sababu lililobaki hakutaka kuliandika. Hicho kinachopatikana kwa kupiga hesabu hiyo Grice alikitungia jina, implikacha. Mihadhara hiyo ilisambaa miaka mingi kwa nakala za kupokezana, na sehemu iliyo maarufu zaidi ikachapishwa 1975.

Sasa swali lililoninyima usingizi si la Grice, ni langu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa kwenye mafumbo. Mama yangu hajawahi kumwambia mtu jambo moja kwa moja kama njia ya kuzunguka ipo. Kanga ikianikwa kwenye kamba inayoelekea mlango wa jirani, na jina lake linasema "Hasidi hana sababu", mtaa mzima umeshasoma kabla haijakauka. Na ukimwendea mwenye kanga, atakujibu, "Kwani nimekutaja?" Grice anasema implikacha inafutika: ukisema pungufu unaweza kuongeza "lakini sina maana hafai" na hutakuwa umejipinga. Wanawake wa kwetu wanaishi ndani ya ufa huo. Wanataka ujue, wanataka ujue kwamba wanataka ujue, ila hawakubali kamwe kulikiri mbele ya mashahidi. Sasa mtoto wa nyumba hiyo anasomaje mistari miwili ya Mwingereza asione kitu?

Jibu nililopata ni kwamba mashine tunayo wote, ila kipimo kinatofautiana. "Ya kutosha" ni kiasi gani? Kwetu mtu akikusifia kwa maandishi, tena bosi, umesifiwa. Sikuwa najua kwamba barua ya hapa inategemewa ijae sifa, kwa hiyo sikuliona pengo. Hata kwenye salamu ni hivyo. Nikimuuliza mjomba habari za nyumbani atasema "Nzuri," apumue, "ila mdogo wako amelazwa." Mwingereza niliyemtafsiria mazungumzo hayo alishtuka: mbona alidanganya kwanza? Hakudanganya. "Nzuri" ile ni mlango, habari zenyewe ziko sebuleni. Nao wana milango yao. Mwaka wangu wa kwanza jirani aliniambia lazima siku moja nije kunywa chai kwake, nikaja Jumapili, nimevaa koti. Alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Angekuwa kwetu amenikaribisha chakula nami nikasema "asante, nimeshiba", ningejua kabisa kwamba hakuna aliyeshiba.

Na hili wasomi wamelibishania. Mwanaanthropolojia Elinor Ochs Keenan alikaa na wanakijiji wa Madagaska, na mwaka 1976 akaandika kwamba kanuni ya Grice ya kutoa habari za kutosha haikai vizuri kule. Ukimuuliza mtu mama yake yuko wapi, anakujibu yuko nyumbani au sokoni. Kwa Mwingereza, hiyo maana yake msemaji hajui ni wapi kati ya hapo. Kwa Mmalagasi haileti dhana hiyo. Habari mpya ni mali, hugawi ovyo, na ukitamka kwa uhakika lawama inaweza kukurudia wewe na ukoo wako. Nilipomsomea mwenzangu wa Ngazija alisema, "Hao majirani zetu wanasingiziwa nini, si ndivyo watu wote wanavyojibu?" Mimi naona Keenan hajaibomoa mashine, amezungusha kitasa cha kipimo tu, lakini binti yangu hakubaliani nami na yeye ndiye mwenye mtihani.

Nikamweleza habari ya barua hatimaye. Alisikiliza, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Huyo bosi aliandika hivyo kwa wote?" Kwa sababu kuna makampuni mengi hapa yanaogopa kushtakiwa, yanaandika mistari miwili mikavu kwa kila anayeondoka, awe hodari au mvivu. Kama ndivyo, hakuna sharti lililovunjwa, hakuna cha kupigia hesabu. Nimekuwa na kinyongo na mtu ambaye pengine hakumaanisha chochote. Lakini sare? Kampuni gani ina fomu yenye nafasi ya usafi wa shati? Sijui. Siku hizi nikimkumbuka akitabasamu, siku nyingine naona kejeli, siku nyingine naona mtu mwenye haraka.

Grice mwenyewe alihama. Mwaka huohuo wa mihadhara, 1967, aliondoka Oxford akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa na miaka 54, umri ambao kwetu mtu anatafuta kiwanja cha kustaafia. Alikaa hukohuko, akafariki mwaka 1988. Kitabu kilichokusanya maandishi yake kikatoka mwaka uliofuata. Ningependa kujua Wamarekani walipomwambia "tutakutafuta" kwa mara ya kwanza, kama alikaa kwenye simu.

Wiki ile ya zamani, baada ya dada wa Mombasa kunifafanulia, mama alipiga. Habari za watoto, habari za baridi, zote nzuri. Kisha akauliza, "Na ile barua, imeleta kazi?"

Nikasema, "Ile karatasi yake ni nzuri sana, mama."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa kwetu nyuma yake.

"Pole, mwanangu," akasema, tukaendelea na habari za paa.