Siku moja ya kukokotoa hewa ya kaushio la dagaa, Kigoma

Hapa Mwanga ukisema kazi yako ni kompyuta, utaletewa simu iliyozima na fomu ya mkopo ya kuchapa. Kazi yenyewe ni nyingine: kukokotoa jinsi hewa au maji yatakavyopita ndani ya kitu kabla fundi hajakata bati. Programu ni OpenFOAM, iliyoanzia Imperial College ya London mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuachiwa wazi kwa kila mtu mwaka 2004. Leseni hulipii. Lakini pia haina vitufe vya kubofya. Ni mafaili ya maandishi na amri, na hapo ndipo wengi hukimbia. Hii ni Jumatano moja, pamoja na mambo ambayo mwanzilishi yeyote atakutana nayo.

Saa 1:00 asubuhi

Umeme ulikatika usiku, hesabu ya bomba la maji imesimama njiani. Hakuna kilio: kwenye faili la controlDict kuna startFrom latestTime, inaendelea ilipoishia. Weka writeInterval, yaani muda kati ya kuhifadhi na kuhifadhi, isiyo kubwa ili usipoteze saa nyingi za kazi, na purgeWrite 2 ili diski ibaki na hatua mbili za mwisho tu. Chai, chapati, endelea.

Saa 2:00

"Shikamoo injinia." Kijana amemaliza chuo, ana laptopu ya Windows, anataka kuanza.

Marahaba. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa upya. Sasa una Ubuntu ndani ya Windows. Sakinisha OpenFOAM humo. Kuna familia mbili, na hili lisipoelezwa mapema mtu anapoteza wiki: moja matoleo yake yana namba kama 11 na 12, nyingine yana mwaka na mwezi, kama v2312. Mafaili yanafanana, majina hayafanani. Kinachoitwa transportProperties kwenye v2312, kwenye toleo la 12 kinaitwa physicalProperties. Ukichukua mfano wa huku ukauendesha kule, utaambiwa faili halipo, na utadhani umekosea kusakinisha. Chagua moja, kaa nayo. Sisi tunatumia v2312.

Jambo jingine: kazi zako ziweke ndani ya home ya Ubuntu, si kwenye /mnt/c, yaani diski ya Windows. Kule kusoma na kuandika kunaburuta mno. Na WSL, yaani hiyo Linux ndani ya Windows, kwa kawaida hujipa nusu ya RAM; ukitaka zaidi, andika faili la .wslconfig.

Mfano wa kwanza ni cavity, sanduku la sentimita 10 lenye kifuniko kinachoteleza kwa mita 1 kwa sekunde. Nakili folda, andika blockMesh igawe nafasi kuwa seli, kisha icoFoam ikokotoe. Ndani kuna folda tatu: 0 ina hali ya mwanzo na ya mipaka, constant ina meshi (wavu wa seli, yaani visanduku vidogo vya kukokotolea) na sifa za kimiminika, system ina maelekezo ya hesabu. Kila kazi utakayofanya, hata ya meli nzima, ina hizo tatu.

Halafu vunja kitu kwa makusudi. Meshi ni seli 20 kwa 20, kila seli milimita 5, hatua ya muda (deltaT) sekunde 0.005. Namba ya Courant ni kasi mara hatua ya muda gawanya kwa upana wa seli: inatoka 1 kamili. Ongeza seli ziwe 40 kwa 40 bila kugusa deltaT, Courant inakuwa 2 na hesabu inaweza kulipuka. Punguza deltaT iwe 0.0025, inatulia.

Kazi ya nyumbani: shusha nu, yaani mnato, kutoka 0.01 hadi 0.001. Namba ya Reynolds (kasi mara upana wa sanduku gawanya kwa mnato) inakuwa 100, na endTime ipeleke sekunde 2 kwa sababu mzunguko unachelewa kutulia. Chora kasi ya mlalo kwenye mstari wa wima wa katikati. Ghia na wenzake walichapisha jibu mwaka 1982: kasi ya kurudi nyuma inafikia karibu 0.21 ya kasi ya kifuniko. Ukipata 0.05, usiniletee picha.

Saa 4:30

Mzee wa makaushio ya Katonga ameingia. Ana kaushio la jua la dagaa: bati jeusi la kukusanya joto, sanduku lenye trei tano, na bomba la kutolea hewa la mita 1.5. Hilo tulishalikokotoa. Sasa anataka bomba la mita 2.5 na amekuja na mchoro mpya kwenye flashi, kutoka kwa mchoraji wake.

"Wewe weka tu nyekundu na bluu, kijana wangu. Wafadhili wanapenda rangi."

"Mzee wangu, rangi inatoka kwenye hesabu."

"Basi hesabu haraka. Narudi saa nane."

Ukitaka kujua kazi hii ni nini, ni mchoro huo. Kwanza surfaceCheck, amri ya kukagua umbo: inasema sanduku lina upana wa mita 1,200. Mchoraji kachora kwa milimita, na faili la STL, lile la umbo alilotuletea, halibebi kipimo. OpenFOAM husoma kila namba kama mita. Dawa ni surfaceTransformPoints kwa kipimo cha (0.001 0.001 0.001). Amri hiyo hiyo ya surfaceCheck inasema umbo halijafungwa: kona mbili za bati hazigusani. Hizo zilizibwa kwenye programu ya kuchorea. Ukizipuuza hapa zitakudai baadaye.

Pili, bati. Mchoraji kalichora kwa unene wake halisi, milimita 1. Ni uaminifu mzuri usiosaidia kitu. Seli zetu ndani ya kaushio ni sentimita 1.25, haziwezi kuliona. Bati likanenepeshwa kwenda nje mpaka milimita 30, vipimo vya ndani vikibaki vilevile.

Tatu, trei. Kachora kila waya. Waya wa milimita 1 unataka seli za robo milimita, na mita moja ya ujazo ya seli hizo ni seli bilioni 64. Mashine yetu ina RAM ya gigabaiti 16, na kila seli milioni moja hula gigabaiti moja hadi mbili. Waya zote zikafutwa. Mahali pake pakawekwa kipande cha unene wa sentimita 3 kinachozuia hewa, kwa namba mbili, d na f. Namba hizo hazitungwi kichwani. Unachukua trei yenye dagaa wabichi, unapitisha hewa ya feni kwa kasi mbili tofauti, unapima tofauti ya mgandamizo kwa mpira mwembamba wenye maji. Mpira uulaze kwa mteremko wa moja kwa kumi, maana tofauti ni ndogo na milimita moja itaonekana kama sentimita. Vipimo viwili, namba mbili za kutafuta.

Nne, mipaka. Wengi huweka mgandamizo moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, halafu wanashangaa hewa ikishuka. Mdomo uko juu, mlango uko chini, na tofauti ya mgandamizo kati yao ndiyo injini yenyewe. Ukiikosea umezima injini. Kaushio zima liliwekwa ndani ya sanduku la hewa ya nje, mita 5 kwa 4 kwa 5.

Halafu snappyHexMesh, inayotengeneza meshi kuzunguka umbo. Inahitaji nukta moja, locationInMesh, iliyo ndani ya hewa na isiyokaa juu ya uso wa seli. Ukiiweka ndani ya bati, itafuta hewa yote ikuachie meshi ya bati. Seli za msingi sentimita 10, na kila ngazi inagawa upande kwa mbili. Ngazi ya tatu ndiyo ile 1.25. Jumla karibu laki tisa. checkMesh, amri ya kukagua meshi, ikalalamika nyuso kadhaa zimeinama zaidi ya nyuzi 70, zote pale bomba linapoungana na sanduku. Punguza kona, rudia. Bado. Ongeza ngazi pale tu, rudia. Mesh OK.

Saa nane mzee amerudi. Picha ipo? Haipo. Akakaa kwenye benchi akiongea na simu kwa sauti ya sokoni.

Mchana, au baada yake

Ugali na mgebuka, mkono mmoja kwenye kibodi.

Solva, yaani programu inayokokotoa yenyewe, ni buoyantSimpleFoam. Joto huandikwa kwa Kelvin: 303, si 30. Mgandamizo wa hewa usinakili kwenye mfano. Mfano una paskali 100,000. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na hapa ni karibu 92,500. Ukiacha ule wa mfano, hewa yako ni nzito kwa asilimia 8 hivi, na kaushio linaendeshwa na uzito wa hewa peke yake. Omega na k, namba za msukosuko wa hewa, zisianze na sifuri, utapata kosa la namba kabla hata hujakaa vizuri. Kisha decomposePar igawe kazi vipande vinne, mpirun -np 4 iviendeshe pamoja, na uhesabu viini halisi vya kompyuta.

Wakati inazunguka, karatasi. Hewa ya nyuzi 30 hapa ina kilo 1.06 kwa mita ya ujazo, ya nyuzi 50 ina kilo 1.00. Safu ya hewa moto ya mita 3.5, kuanzia sanduku mpaka mdomo wa bomba, inavuta kwa paskali 2 na kidogo. Bila kizuizi chochote kasi haiwezi kuvuka mita 2.1 kwa sekunde. Kwa bomba fupi ilikuwa 1.8. Solva ikikupa mita 4, mkosaji ni solva, au aliyeiandikia.

Mabaki ya hesabu, yaani kosa lililobaki kwenye milinganyo, yalishuka mpaka sehemu moja ya elfu yakaanza kucheza. Hewa ya joto hufanya hivyo. Usiyatazame hayo, tazama kiasi cha hewa kinachopita kwenye bomba. Kikisimama palepale kwa mizunguko mia kadhaa, imetulia.

Giza lilishaingia, mzee alishaondoka akinung'unika. reconstructPar -latestTime kuunganisha vipande, ParaView ya kuchora matokeo, picha mbili kwa kipimo kimoja cha rangi, bomba fupi na refu, zikaenda WhatsApp.

Akajibu: "Hii ndefu nyekundu imepungua. Ongeza."

Imepungua kwa sababu bomba refu linavuta hewa zaidi juu ya bati lilelile, kwa hiyo kila kilo ya hewa inapata joto dogo. Trei ya juu inapata upepo, ya chini imepoa. Akitaka vyote viwili arefushe bati jeusi, na hilo ni mchoro mwingine. Nimemwomba safari hii amwambie mchoraji aache waya.